Fundi sanifu wa chakula

Teknolojia ya chakula ni elimu ya kinachokipata chakula kati ya shamba na sahani: namna kinavyokaushwa, kinavyosagwa, kinavyochemshwa, kinavyofungashwa na kinavyokaa dukani, na sababu za kuchacha, kuota kuvu au kuoza kabla ya wakati wake. Ni elimu tofauti na upishi, na tofauti na lishe, ingawa zote tatu hukutana sokoni. Mpishi hutafuta ladha. Mtaalamu wa lishe humwangalia mlaji na mwili wake. Fundi wa teknolojia ya chakula hukiangalia chakula chenyewe, akitaka kujua kitadumu siku ngapi, kitaharibiwa na nini, na kikiharibika kitamdhuru nani. Katika mitaa ya Segerea jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Mbagala au Mbezi, kijana akisema amechaguliwa kusomea chakula, jirani humuuliza atafanya kazi hoteli gani. Swali hilo lina sababu yake. Kwa miaka mingi mafunzo ya chakula yaliyoonekana mjini yalikuwa ya jikoni, na hata katika chuo cha ufundi stadi cha VETA cha Chang'ombe, wilayani Temeke, kozi ya chakula inayojulikana zaidi ni ya uandaaji wa vyakula, yaani upishi.

Kozi ya teknolojia ina ngazi zake. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa amefaulu masomo ya sayansi, Kemia ikiwa mbele, huanzia ngazi ya nne ya tuzo za ufundi, ambayo ni cheti cha awali. Hupanda ya tano, kisha ya sita, ambayo ndiyo stashahada. Juu yake zipo ya saba na ya nane, na ya nane ni sawa na shahada ya kwanza. Ngazi hizo husimamiwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 kwa jina la NACTE, na ambalo tangu 2021 linaitwa NACTVET baada ya kukabidhiwa pia ufundi stadi. Kwa mkazi wa Segerea chuo kilicho karibu zaidi chenye stashahada ya fani hii ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, penye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed. Taasisi hiyo ilianza 1957 ikiwa chuo cha ufundi, na leo ina kampasi nyingine Mwanza, iliyojikita katika teknolojia ya ngozi, na Myunga mkoani Songwe. Shahada hutolewa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu 1984. Hutolewa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya.

Mwenye stashahada huitwa fundi sanifu, na ndiye anayehitajika kuliko wote, japo wazazi wengi humwona kama mtu aliyeishia njiani. Kiwanda kikubwa cha unga huajiri wahandisi na wanasayansi wachache wenye shahada. Lakini usindikaji wa chakula nchini umejaa viwanda vya watu 3, 5 au 10, vingi vikiwa nyuma ya nyumba, kwenye fremu ya duka au gereji iliyobadilishwa matumizi. Pale hapana mshahara wa kumlipa mwanasayansi. Panahitajika mtu anayeweza kushika kipimajoto, kusoma mizani, kuandika daftari la zamu na kukataa gunia bovu mlangoni. Kazi hizo ndizo mtaala wa ngazi ya sita unazofundisha.

Jiji la Dar es Salaam lina majina ya mahali yanayotunza historia ya fani hii kuliko vitabu vingi. Ubungo Maziwa, ambako treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012 hugeuzia, pamepewa jina na kiwanda cha maziwa cha shirika la umma. Kiwanda hicho kilitegemea sana maziwa ya unga kutoka nje, yaliyochanganywa upya na maji, kwa sababu maziwa mabichi ya wafugaji hayakufika mjini kwa wingi wala kwa utaratibu. Kawe, wilayani Kinondoni, wakazi bado wanaelekezana kwa jina la Tanganyika Packers, kiwanda cha nyama ya kopo cha tangu enzi za ukoloni kilichouza nyama hadi Uingereza. Siku hizi viwanja vyake vinajulikana zaidi kwa mikutano ya injili. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililoundwa 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa na vinu vikubwa vya kusaga nafaka. Mashirika haya yalipodhoofika na kubinafsishwa katika miaka ya 1980 na 1990, soko la kazi la wataalamu wa chakula lilinywea. Lilirudi kwa sura nyingine: makampuni binafsi kama Bakhresa na METL upande mmoja, na maelfu ya wasindikaji wadogo upande wa pili, wengi wao wanawake. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, liliwafundisha wengi wa wanawake hao kwa kushirikiana na UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, katika miaka ya 1990, kwa kozi fupi zilizolenga kazi moja: jamu, achari, matunda makavu, siagi ya karanga.

Mwaka wa kwanza chuoni humkatisha tamaa anayetarajia kula. Ni hesabu, fizikia, kemia, biolojia ya viumbe vidogo, stadi za mawasiliano na kompyuta. Vyakula vyenyewe huja baadaye, na vikija huja kama sampuli. Kipimo cha kwanza ambacho karibu kila mwanafunzi hukikumbuka ni cha unyevu. Hupewa mahindi, huyasaga, hupima gramu 5 kwenye kikombe kidogo cha chuma kilichokaushwa, hukiingiza kwenye tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi na kukiacha humo mpaka uzito usibadilike tena. Kikitoka hakipimwi papo hapo. Huwekwa kwanza ndani ya chombo cha kioo chenye dawa inayonyonya unyevu, kwa kuwa kitu cha moto huivuruga mizani na kitu kikavu hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam haina uhaba wa unyevu. Kama gramu 5 zimebaki 4.29, mahindi hayo yalikuwa na maji asilimia 14.2. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5 kwa juu kabisa. Gunia hilo lilipaswa kurudi juani.

Mfanyabiashara wa nafaka wa Tandale hana tanuri. Huuma punje kwa jino, au huzitikisa kiganjani na kusikiliza mlio wake, na mzoefu hakosei sana. Ipo pia njia ya chupa, ambayo mwalimu mzuri hawezi kuiacha: mahindi hutiwa kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, hutikiswa, na chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa ina maana unyevu umepita asilimia 15 hivi. Ni kipimo kisicho na gharama na chenye sayansi kamili ndani yake, kwa sababu chumvi huvuta maji yaliyo huru kutoka kwenye punje. Chuo kinachofundisha tanuri peke yake humwandaa mwanafunzi kwa kazi atakayoikuta mahali pachache.

Umuhimu wa asilimia hizo ulionekana kwa uchungu mwaka 2016, watu wapatao 20 walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, wanaostawi kwenye nafaka, karanga na mbegu za mafuta zilizokaushwa vibaya au kuhifadhiwa penye joto na unyevu. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kuchemsha ugali hakuiondoi, maana hustahimili joto kuliko sufuria yoyote ya nyumbani. Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo moja ya chakula kwa jumla ya sumukuvu, na 5 kwa ile aina ya B1 iliyo kali kuliko zote. Ikiingia mwilini kwa wingi huua ini kwa siku chache. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na tafiti huihusisha na udumavu wa watoto.

Hapo ndipo unga wa lishe unapoingia. Katika maduka ya Segerea, Kimanga na Kinyerezi ni bidhaa ya kila rafu: pakiti ya unga wa uji wa mtoto uliochanganywa mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, wakati mwingine na mbegu za maboga, na kadiri orodha inavyorefuka ndivyo mnunuzi anavyoamini mtoto atanenepa. Mwanafunzi wa teknolojia ya chakula hufundishwa kuisoma orodha hiyo kwa mashaka. Karanga na mahindi ndivyo vyakula vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu. Vikichanganywa bila kuchambuliwa, pakiti moja hukusanya hatari za magunia mawili. Soya mbichi ina viambata vinavyozuia umeng'enyaji wa protini, na lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, la sivyo protini inayotangazwa kwenye lebo haimfaidii mtoto ipasavyo. Karanga ikishasagwa, mafuta yake hukutana na hewa na unga huanza kunuka kabla pakiti haijaisha. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wamekuwa wakishauri karanga isagwe peke yake na kutiwa kwenye uji wakati wa kupika. Mama anayetengeneza unga huo hana nia mbaya hata kidogo. Aliyemfundisha alimpa orodha, hakumpa vipimo.

Muhogo huwapa wanafunzi mfano mwingine wa namna hiyo. Mwaka 1985 wilayani Tarime watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, wakati wa ukame, muhogo mchungu ulipoliwa baada ya kuandaliwa haraka haraka. Muhogo una kiambata ambacho kikivunjwa na kimeng'enya chake hutoa sianidi. Kukwangua, kuloweka na kuvundika kunaipa sianidi muda wa kutoka, na kukausha upesi huifungia ndani. Mabibi wa pwani walikuwa na utaratibu wa siku kadhaa wa kuandaa makopa, na sayansi ilikuja baadaye kueleza kwa nini siku zile hazipunguzwi. Kiwango cha sasa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

Somo la maziwa hupendwa kwa sababu linafanana na upelelezi. Kabla ya maziwa kupokelewa kiwandani hunuswa, huangaliwa rangi, kisha hupimwa. Laktomita ni kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinachoelea ndani ya maziwa. Kwenye maziwa halisi ya ng'ombe husomeka kati ya 28 na 32 hivi, na ikishuka chini ya hapo muuzaji ana la kueleza. Lakini walanguzi nao wamesoma shule yao. Anayetia maji hutia na sukari au unga ili laktomita ipande tena. Kwa hiyo fundi hudondosha iodini kidogo kwenye maziwa, na yakigeuka buluu nzito inayoelekea weusi, mna wanga ndani, na ng'ombe hatoi wanga. Hufuata kipimo cha alkoholi: ujazo sawa wa maziwa na alkoholi huchanganywa kwenye mrija mdogo, na yakiganda vipande vipande maziwa yameanza kuchacha na hayatastahimili moto wa mtambo. Yaliyopita hupashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, njia iliyobeba jina la Mfaransa Louis Pasteur. Kujua kama mtambo ulifanya kazi hiyo kweli, hupimwa kimeng'enya kiitwacho fosfatasi, ambacho hufa kwenye joto hilohilo: kikikutwa hai, maziwa hayajaiva kwa kipimo, hata kama chati ya mtambo inasema vingine.

Tofauti ya kuchemsha na kupasha kwa kipimo ni jambo ambalo wanafunzi hulichukua mtaani kirahisi. Mwenye mgahawa wa maziwa ya moto huyachemsha mpaka yafurike, na yako salama saa ile. Tatizo lake huanza anapoyaacha kwenye ndoo mpaka jioni.

Sosi ya nyanya na pilipili ya chupa hufundisha asidi. Namba inayokaririwa na kila mwanafunzi wa fani hii duniani ni 4.6 kwenye kipimo cha pH. Chini ya hapo, yaani penye uchachu zaidi, bakteria wa Clostridium botulinum, ambaye sumu yake ni miongoni mwa kali kuliko zote zinazojulikana, hawezi kuota. Chakula chachu kinaweza kupashwa joto la maji yanayochemka na kufungwa. Juu ya hapo, kama ilivyo kwa nyama, maharage au samaki, lazima joto lifike nyuzi 121 chini ya mgandamizo, na likae hapo angalau dakika 3 katikati ya kopo, mahali panapochelewa kupata moto. Kazi ya Tanganyika Packers ilikuwa hiyo. Nyanya mbivu hukaa karibu kabisa na mpaka, na ikiiva kupita kiasi huuvuka. Msindikaji wa nyumbani anayetia siki au maji ya limau kwa ajili ya ladha humzuia mdudu huyo bila kujua, na anayepunguza siki kwa kuwa wateja wamelalamika uchachu ameondoa kinga ileile. Karatasi za kupimia pH hubadilika rangi papo hapo na bei yake si ya kutisha, lakini jikoni nyingi za kusindikia hazina.

Chupa pia ni somo. Pilipili na asali nyingi za mitaani hufungwa kwenye chupa za vinywaji zilizokwisha kutumika. Kioo chake hakina ubaya. Ubaya uko kwenye kifuniko, ambacho kimeshafunguliwa na mpira wake wa ndani hauzibi tena. Sosi ikitiwa ya moto, nyuzi 85 au zaidi, kisha chupa ikapinduliwa kwa dakika chache, moto wa sosi husafisha kifuniko na kupoa kwake huvuta hewa na kukikaza. Kifuniko cha zamani hakikazi kitu. Wanafunzi huonyeshwa chupa mbili zilizofungwa siku moja, moja kwa kifuniko kipya, na baada ya wiki kadhaa hawahitaji kuambiwa ni ipi.

Maabara ya chuo hufanana na kiwanda kikubwa zaidi ya inavyofanana na mtaa, na hapo ndipo pana dosari ya kweli ya mafunzo haya. Sahani za kukuzia bakteria zinatakiwa kukaa kwenye joto moja kwa saa 48 au 72. Umeme ukikatika katikati, hesabu ya vijidudu haina maana tena na jaribio huanza upya. Maji yaliyochujwa madini hutegemea mtambo, na mtambo hutegemea umeme. Katika miezi ya mgao wa umeme wa 2023, kabla bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuuzalisha Februari 2024, kupanga jaribio la siku 3 kulihitaji bahati au jenereta. Mtu anaweza kusema hiyo nayo ni shule, kwa kuwa mhitimu atakwenda kufanya kazi kwenye umeme uleule. Ingekuwa shule kweli kama mtaala ungeiingiza: namna ya kulinda zamu ya maziwa umeme ukikatika, namna ya kutumia visima vya maji chumvi vilivyojaa pembezoni mwa jiji bila kuharibu ladha na vyombo, namna ya kutia klorini kwenye pipa la lita 1,000. Kipindupindu kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015 kiliufanya mkoa upige marufuku uuzaji wa vyakula kando ya barabara. Hatua ile iliwaondoa wauzaji, haikuwafundisha, na waliporudi walirudi na ndoo zilezile.

Mafunzo kwa vitendo viwandani, ambayo wanafunzi wote huyaita fildi, hupunguza pengo hilo. Nafasi hugombewa. Ukanda wa viwanda wa Barabara ya Nyerere, kutoka Vingunguti hadi Kipawa, uko mwendo mfupi wa daladala kutoka Segerea. Bia hutengenezwa Ilala na Chang'ombe, soda Mikocheni, na machinjio ya Vingunguti yamejengwa upya kwa mfumo wa kisasa. Anayepata nafasi kwenye kiwanda kikubwa hujifunza nidhamu: kofia ya nywele, buti nyeupe, kucha fupi, pete nyumbani, sahihi kwenye kila fomu. Huwekwa mara nyingi kwenye kituo kimoja, tuseme cha kukagua vifuniko, na hukaa hapo wiki zote. Anayekwenda kwa msindikaji mdogo hufanya kila kitu, kuanzia kuosha nyanya hadi kubandika lebo, na hukuta hakuna fomu hata moja. Ripoti ya wa kwanza huwa nadhifu. Ripoti ya wa pili huwa na mambo.

Kuna hoja nzito ya kuweka kampasi mikoani, karibu na malighafi, na Tanzania imeifuata kwa namna zake. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, hufundisha uchakataji wa samaki na udhibiti wa ubora Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria, na Mbegani karibu na Bagamoyo. Kozi hiyo ina historia ya soko nyuma yake. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia kwa vipindi sangara wa Ziwa Victoria, mara kwa hofu ya bakteria, mara kwa sababu ya watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya Mwanza vilisimama, na samaki hawakuruhusiwa tena mpaka nchi za ziwa zilipoonyesha maabara, wakaguzi na kumbukumbu. Temeke nako, eneo linaloitwa Veterinari, kuna kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, karibu na maabara kuu ya mifugo. Wanaosoma pale hukutana na nyama na maziwa kwa mlango wa magonjwa ya wanyama. Dar es Salaam haina mashamba ya kujisifia. Ina walaji mamilioni, bandari, soko la samaki la Feri, mahindi ya Tandale, ndizi za Mabibo, na wasindikaji wengi mno. Kampasi ya pembezoni mwa jiji yenye karakana ya pamoja, ambamo asubuhi wanajifunza wanafunzi na mchana wasindikaji wa kata wanaleta sosi zao kupimwa, ingefaa Segerea kuliko jengo lingine la madarasa.

Urutubishaji ni eneo ambalo wahitimu wamekuwa wakipata kazi mpya. Kanuni za 2011 zilitaka unga wa ngano na wa mahindi utiwe madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula yatiwe vitamini A. Vinu vikubwa vilitii bila shida kubwa. Vinu vidogo vya sembe havikuwa na namna ya kupima dozi ya gramu chache kwenye unga unaotiririka. Shirika la Sanku lilileta kifaa kinachofungwa kwenye kinu, kinachopima uzito wa nafaka inayoingia na kudondosha virutubishi kwa kiasi chake. Kifaa hicho bado kinahitaji mtu wa kukisafisha, kukikagua na kugundua kimeziba. Dona ina virutubishi vyake vya asili kwa kuwa kiini hakikukobolewa, lakini kiini hichohicho kina mafuta, na dona huharibika mapema. Fundi anayemshauri mwenye kinu lazima ajue yote mawili.

Kwa upande wa sheria, mhitimu wa leo anakuta ofisi tofauti na zile za kaka zake. Usalama wa chakula ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, tangu 2003. Julai 2019 kazi hiyo ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, Ubungo, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Msindikaji sasa husajili jengo na bidhaa na kuomba alama ya ubora mahali pamoja. Mdogo huanzia SIDO, anapopata barua ya utambulisho, na serikali humbebea gharama za alama katika kipindi cha mwanzo. Wakaguzi huangalia dari, kuta zinazooshika, choo kilicho mbali na chumba cha kazi, vyeti vya afya vya wafanyakazi, na njia ya chakula ndani ya jengo: malighafi iingie mlango mmoja na bidhaa itoke mwingine, zisipishane. Gereji ya mlango mmoja hushindwa hapo, na fundi sanifu aliyesoma mpangilio wa kiwanda anaweza kuiokoa kwa ukuta wa mbao na dirisha la kutolea bidhaa. Namba ya mistari inayoanza na 620, ile ya Tanzania, hutolewa na GS1, na bila hiyo supamaketi nyingi hazipokei mzigo.

Ada ilikuwa kizuizi cha kimya kwa ngazi ya stashahada, kwa sababu mikopo ya Bodi ya Mikopo ilikuwa ya wanafunzi wa shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 bodi imefungua mikopo ya stashahada kwa fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo. Mwombaji hukagua orodha ya kozi ya mwaka wake, kwani jina la kozi kwenye orodha lisipolingana na la chuo maombi hukwama.

Wanaomaliza hugawanyika. Wengine huingia viwandani kama wadhibiti ubora wa zamu, wengine maabara za TBS na za binafsi, wengine huendelea na shahada. Wengine hurudi mtaani na kuanza kusindika, na hawa hukutana na swali ambalo mtihani hauliulizi sana: waandike tarehe gani ya mwisho wa matumizi. Wasindikaji wengi huandika mwaka mmoja kwa kuwa jirani ameandika mwaka mmoja. Namna iliyofundishwa chuoni ni kuweka pakiti kadhaa za toleo moja kwenye joto la kawaida la duka, kufungua moja kila baada ya muda uliopangwa, kupima unyevu, pH, harufu na vijidudu, na kuandika kila kitu daftarini mpaka pakiti ya kwanza ifeli. Tarehe ya lebo huwekwa kabla ya siku hiyo, na kwa duka la bati lisilo na dari, kama yalivyo mengi kutoka Barakuda hadi Segerea Mwisho, huwekwa kabla zaidi.